Masharubu ya Shemeji Yako

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Mola akufunike kwa rehema zake. Sisi wazima, na goti langu limepoa. Shemeji yako bado hajanyanyuka tangu apooze upande, lakini ulimi umerudi, na matusi nayo.

Sasa namnyoa mimi. Unakumbuka miaka ile nilivyokuwa namshikia kioo? Nikitikisika kidogo, kofi: "Unataka nijikate?" Basi kwa kushika kioo nikajifunza kazi. Kitambaa cha maji moto kwanza, halafu povu zito, kisha mashine yake ya wembe inateremka yenyewe, bila kukandamizwa. Kidevu kinabaki laini kama yai.

Jana akaniamuru nimpendezeshe, eti yule mwanamke wake anakuja kumjulia hali. Nyumbani kwangu! Nilisali kwanza, mkono usitetemeke. Nikanyoa mashavu, nikanyoa kidevu, kisha nikapaka povu kwenye masharubu, yale yanayomfichia mdomo uliopinda.

"We mama, hayo yaache!"

"Tulia, baba watoto. Unataka nikukate?"

Akatulia tuli. Sikumtoa hata tone la damu. Nilipomaliza nikamshikia kioo kama zamani, akajitazama mpaka machozi yakamtoka. Mgeni wake alipofika hakukaa hata dakika tano.

Nimemwambia asihuzunike, yataota tena Mungu akipenda. Na nyembe nimenunua paketi nzima.

Dada yako, asiyekusahau katika sala.