Mfereji Uani kwa Baba Mkwe

Kisii Mjini, Jumapili

Dada yangu Mwanahamisi,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Natumaini goti lako limepoa na Mama anameza dawa bila kugombana nawe. Mimi ni mzima. Ulinitaka niandike kwa kuwa kwenye simu nakujibu neno moja moja kama shahidi kortini. Basi leo nina la kusema, na si zuri.

Wiki hii redio yetu ilinituma upande wa Nyamira, mbele kidogo ya Ekerenyo, kutangaza mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja. Wametengeneza pampu ya sola inayovuta maji ya chemchemi kutoka bondeni hadi kwenye tangi mlimani. Majaji wa mashindano walikuwa wanatoka Nairobi kuikagua, na kikundi kitakachoshinda kitapelekwa ng'ambo. Huku nyumba ziko juu na maji yako chini. Wanawake hupanda na mitungi kwenye utelezi, katikati ya mashamba ya chai. Nilikwenda nikiamini nitapata habari njema. Na pampu yenyewe ni nzuri, sitaisingizia.

Nilifika siku moja kabla ya majaji. Pale mferejini, kwenye bomba la kutekea lililo uani kwa mzee mmoja aliyetoa uwanja wa tangi, simiti ilikuwa kavu, safi, kama haijawahi kumwagikiwa na tone. Hapakuwa na ndoo wala mtu. Nikateremka bondeni, nikawakuta wanawake kijitoni, mahali vijana wa bodaboda wanapooshea pikipiki. Walikuwa wakisukuma mafuta kando kwa kiganja kabla ya kuteka. Mmoja wao, Moraa, alikuwa na mtoto mgongoni, amelegea, midomo imekauka.

"Anahara tangu tuanze kuchota hapa," akaniambia.

"Kwa nini hamteki kule juu?"

Wakacheka. Moraa akasema, "Wewe si wa huku. Ile tap iko wapi?"

"Kwa mzee."

"Iko kwa ukuta ya bafu yake! Na huyo mzee ni baba mkwe yangu. Huyu pia, ni baba mkwe yake. Mlima yote hii tumeolewa na watoto yake na watoto ya ndugu zake. Sasa yeye anaoga, mimi nimeinama hapo na ndoo. Tusalimiane?"

"Muulize kama kwao wanasalimiana," mwenzake akadakia, na kicheko kikaanza upya.

Wagusii huita jambo hili chinsoni: ni heshima na aibu kati ya mke na baba wa mumewe. Mke hasogelei mahali anapooga mkwewe wala anapolala, na kwa hesabu ya ukoo ndugu za mkwe nao ni wakwe. Mzee mwenyewe, tangu mfereji ujengwe, anaogea zizini na ng'ombe wake. Hata hayo yangevumilika kama wangeachiwa chemchemi yao. Lakini wanafunzi waliijengea kisanduku cha simiti, wakatia kizibo kwenye bomba la chini ambalo wanawake walikuwa wakitekea, ili maji yote yaende kwenye pampu.

"Maji imepanda," alisema Moraa, "sisi tumebaki."

Mlezi wa kikundi ni mhadhiri, wanafunzi humwita Dokta, mzaliwa wa huku huku. Ana baba, ana wake wa kaka zake. Hawezi kusema hakujua. Nilipomuuliza, alitabasamu: "Madam, sisi ni watu wa sayansi. Watazoea." Uwanja wa mzee una jua, na mzee aliutoa bure, basi.

Kerubo, mwanafunzi aliyechora mpango wa mabomba, alinivuta kando. "Nilimshow Dokta mapema tap iende kwa barabara. Akaniuliza kama nimekuja kusomea uinjinia ama kuoleka."

Kesho yake majaji walipofika, palikuwa na foleni ndefu ya wanawake mferejini wakiimba. Sikumwona hata mmoja wa wale wa kijitoni. Hawa waliletwa kutoka sokoni kwa ahadi ya soda na mkate, na mitungi yao bado ilikuwa na vibandiko vya dukani. Mzee alikuwa amejifungia ndani na pazia limeshushwa. Mhadhiri alisema jamii imeukumbatia mradi kwa mikono miwili. Walipiga makofi. Dada, nimeripoti mafuriko na mauaji nikarudi nyumbani nikala. Siku ile nilishindwa kugusa chakula chao.

Jaji mmoja, labda kwa kujaza muda tu, alimgeukia Kerubo. "Wenyeji wanafurahia?"

Kerubo alimtazama mhadhiri. "Hawa si wenyeji. Wenyeji wako chini, wanakunywa maji ya pikipiki. Twende muone."

Jaji alitazama mteremko, akatazama viatu vyake. "Tuna ratiba," akasema. Hakuteremka hata mmoja. Majaji waliwapa wanafunzi kombe palepale, na ushauri kwamba jamii ielimishwe zaidi.

Magari yalipoondoka, Kerubo alichukua spana akaanza kushuka. Mhadhiri alimfuata hadi ukingoni.

"Ukifungua hiyo, ng'ambo usahau!"

"Nishasahau, Dokta."

Kizibo kilitoka kwa shida, kisha maji yakatoka. Moraa alikuwa wa kwanza kukinga. Alimnywesha mtoto kwa kiganja, pole pole, ndipo akajaza mtungi.

Mhariri wangu aliikata sauti ya Moraa, akasema watu wanataka habari ya matumaini. Nikamwambia basi akate na jina langu. Alikata. Kikundi kinakwenda ng'ambo bila Kerubo. Leo asubuhi amenipigia: mhadhiri amemtuma fundi na ndoo ya simiti akazibe tena. Fundi amewakuta wanawake wameketi juu ya kisanduku wanafua nguo, na mtoto wa Moraa amesimama katikati yao anapiga maji kwa kijiti. Amewauliza watamaliza lini. Wamemwambia nguo ni nyingi.

Mbusie Mama mkono. Msalimie shemeji yangu Athumani na nahodha wetu wa jikoni, shangazi Mwanajuma, na umwambie mwanao Rehema asome uinjinia asiogope mtu.

Mdogo wako mwenye mafua,
Zuhura