Onja Kwanza, Baba Lusajo

Mpendwa Baba Lusajo,

Huku tu wazima, mvua haijatupa nafasi, na nguruwe amekataa mzigo wako. Nimeona nianze na la nguruwe kwa sababu ndilo litakalokuudhi, na mimi sina nguvu za kuzungukazunguka. Nilimmwagia bakuli moja horini. Akaja mbio kama kawaida yake, akazamisha pua, akapiga chafya, akageuka akaenda kujilaza kwenye tope. Mnyama anayekula maganda na makombo, na ambaye juzi alikula kipande cha sabuni nilichokisahau kwenye jiwe la kufulia! Nilisimama pale na Neema mgongoni, na wala haikuwa harufu peke yake iliyonitia kichefuchefu.

Barua mbili nimeshampa dereva wa lori akuletee huko Tunduma. Hukujibu. Badala yake umetuma neno la mdomo kwamba nisafishe chumba cha uani, unakuja na mzigo mwingine, mkubwa kuliko ule. Basi hii naiandika wazi, aisome anayetaka. Sidhani kama ni mimi peke yangu mwenye mume mpakani na gunia linalonuka ndani.

Unakumbuka jinsi granola, ule mchanganyiko wa nafaka na asali, ilivyoingia nyumbani kwetu? Ulikuwa bado jikoni kwenye ile nyumba ya wageni, wale waliokuja kupanda mlima. Jioni moja ulinikuta nimejikunja kitandani, mimba ya Lusajo imenikatalia kila kitu, hata maji. Ukatoa kikaratasi mfukoni mwa koti, ukakifungua kama mtu anayefungua dawa.

"Wageni wanakula hiki asubuhi na maziwa. Tafuna."

Nikatafuna. "Mbona kama chakula cha kuku kilichomwagikiwa asali?"

"Kuku wa nani anayelishwa hivi? Nipeleke kwake nikawe jogoo."

Nilicheka nikakohoa. Lakini kilikaa tumboni. Cha kwanza kukaa kwa siku nyingi. Ulipoona hivyo uliapa kwamba tutakitengeneza wenyewe, na mimi nikadhani ni maneno ya mume anayetaka kumfurahisha mgonjwa.

Oti, ile nafaka ya wageni, zilikuja kwa makopo na hatukuwa na njia ya kuzipata. Ukapanda mpaka Isongole ukarudi na ngano begani, umelowa chapachapa. Tukailoweka, tukaitwanga polepole kinuni mpaka punje zikalala bapa bila kuwa unga. Ndizi tulizitoa kwa mama yako kule Kisiba, zile tamu, tukazikata nyembamba kama sarafu. Na kwa kuwa jua la Tukuyu ni la kuazima, vyote tulivipandisha kwenye kichanja juu ya moto. Ulikuwa unasema kitu kisichopitia juu ya moto, hapa kwetu ni cha kuvu, si chako.

Halafu karanga. Mwanamume mzima umekaa na ungo mapajani, umenawa mikono mpaka kwenye viwiko, unanusa karanga! Iliyosinyaa unatupa. Yenye doa unatupa. Nikikuambia unamaliza karanga unanijibu, "Moja ikichacha, hawatasema karanga moja ilichacha. Watasema mke wa fulani anauza uchafu." Asali ukaipasha na mafuta kidogo, ukachanganya, ukaweka makaa chini ya sufuria na mengine juu ya mfuniko. Kila mara unafunua, unageuza kwa mwiko, unafunika. Sikuruhusiwa kukusemesha. Nyumba nzima ilinukia, hata koti lako la kazini lilinukia. Nilikupenda sana siku zile, Baba Lusajo. Siandiki hili ili nikulainishe. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Na tulipoanza kuwauzia walimu na manesi hapa Msasani ya Tukuyu, ulileta jambo la kwenu. Mama yako hampi mgeni hata kikombe cha togwa kabla hajamimina kidogo kiganjani mwake akanywa, mgeni akimtazama. Anayepewa asiwe na shaka, anayetoa asiwe na siri. Wewe ukafanya hivyohivyo mlangoni petu. Mteja akija, unafungua debe, unachota kijiko, unatia mdomoni mwako, ndipo unampimia. Nesi Mwajuma, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Lindi, alikuuliza kwa nini hubandiki karatasi yenye jina kama watu wa madukani. Ukamwambia huku unatafuna, "Karatasi ya nini, dada? Mdomo wangu huu ndio karatasi yenyewe."

Lusajo alikulia kwenye kijiko hicho. Asubuhi anakula na maziwa, mchana anajaza mfukoni anakwenda nayo shule. Wenzake wakimsogelea, naye anaonja kwanza ndipo anawagawia. Hakufundishwa. Alikuona.

Kisha nyumba ya wageni ikauzwa, kama vilivyouzwa vingi, na tajiri mpya akaja na wapishi wake. Sikukulaumu wakati ule na leo sikulaumu. Kila mtu alisema mambo yamefunguliwa, aendaye mpakani harudi mikono mitupu. Maduka ambayo zamani yalikuwa na viberiti na majani ya chai tu yakajaa vitu ambavyo hatujui majina yake. Ukaenda Tunduma. Uliporudi na sabuni na vitenge nilifurahi, mbona. Nilivaa kitenge changu kanisani nikakaa mbele.

Lakini yale maboksi.

Ulishusha magunia matatu, ndani yake maboksi yamepondekapondeka, kila moja lina picha ya mtoto mnene anacheka. Oti za nje, ukasema, tena za bei ya kutupa. Nikafungua la kwanza. Utando ulivutika pamoja na kifuniko. Ndani oti zimeshikana mabonge, fukusi wanatembea juu yake kama watu wa mnadani, na buu moja jeupe limejikunja pembeni limelala usingizi wake. Harufu ilikuwa ya mafuta yaliyochacha na panya. Nikageuza boksi nione tarehe. Pamekwanguliwa kwa wembe, na aliyekwangua hata hakujisumbua kufuta vumbi la karatasi.

"Hizi zimekufa, Baba Lusajo."

"Chekecha. Kaanga vizuri. Changanya na ngano yako, ongeza asali. Asali inaficha."

"Na harufu?"

"Biashara haina pua, Mama Lusajo."

Ulisema wewe. Wewe wa ungo na karanga!

Na kwa kuwa mimi nilikataa kushika mwiko, ukachekecha mwenyewe, ukakaanga mwenyewe, bila kunawa. Nakumbuka hilo kuliko mengine: hukunawa. Ukajaza debe letu lile lile. Asubuhi Nesi Mwajuma akabisha hodi na kopo lake, anajikung'uta mvua, anatania kama kawaida yake kwamba huku kwenu mvua si mgeni, ni mwenye nyumba. Akakuona, akafurahi. "Shemeji umerudi! Haya, onja basi, nimeukumbuka huo mdomo."

Ukacheka. Ukafungua debe. Ukachota kijiko, ukakishika hewani, ukakirudisha.

"Nimetoka kula sasa hivi, dada. Nimeshiba mpaka hapa."

Ulikuwa hujala kitu. Chai yako ilikuwa mezani imefunikwa.

Hapo ndipo Lusajo, mwanao, akaona baba amesahau desturi, akaamua kukusaidia. Akaingiza mkono debeni, akachota, akaupeleka mdomoni. Ukampiga kofi mkononi, granola ikatawanyika sakafuni, ukafoka:

"Wacha! Hicho si cha kula wewe, ni cha kuuza!"

Nesi Mwajuma alikutazama, akamtazama mtoto, akaliziba kopo lake taratibu. "Basi, shemeji. Nitapita siku nyingine." Hajapita tena. Akikutana nami sokoni ananiamkia vizuri, anamshika Neema shavu, anaondoka.

Buu nimeliona mara nyingi, mimi ni mtoto wa mkulima. Halinitii kinyaa cha kudumu. Unalitoa, unanawa, yanaisha. Kinachonichefua mpaka leo ni lile neno. Maana yake ulijua. Ulijua vizuri sana, ndiyo maana mkono wako ulikuwa mwepesi hivyo kwa mwanao. Mtoto wako ana tumbo, watoto wa wenzako wana mfuko tu wa kutia uchafu wetu. Nesi anayekesha na wagonjwa wetu, anywe fukusi kwenye maziwa. Mwalimu anayemfundisha Lusajo kusoma, naye atafune. Ukaondoka jioni ileile kurudi mpakani, ukaniachia magunia na maagizo, na nikakuta mkono wangu unajifuta kwenye kitenge mahali uliponishika kuniaga. Mke kujifuta mkono wa mumewe! Nililia kwa hilo, sikulia kwa biashara.

Nimechoka, usidhani nina kiburi. Neema anaota meno na halali ila mgongoni. Wateja wamepungua tangu asubuhi ile. Hakuna aliyesema neno, lakini Msasani ni ndogo. Shati la shule la Lusajo limeisha viwiko. Wapo walioniambia, "Changanya tu, mama, dunia yote inachanganya." Ningeweza. Asali inaficha kweli. Lakini kila nikiinua mwiko naona mkono wa mtoto ukipigwa.

Kwa hiyo nilichofanya ni hiki, na nakwambia kabla hujafika ili usije ukanifokea mbele ya watu. Baada ya nguruwe kukataa, niliyaburuta magunia yote matatu hadi shimo la taka, nikamwaga, nikafunika kwa majivu. Debe letu nimelisugua kwa mchanga na maji ya moto mpaka mikono ikachubuka, bado nikilifungua naisikia ile harufu. Huenda imebaki kichwani mwangu. Nimebakiza kopo moja tu la mchanganyiko wako, nimelifunga kwa kitambaa, liko kwenye kichanja juu ya moto.

Chumba cha uani sijakisafisha. Nimetwanga ngano humo.

Njoo nyumbani. Usiku mrefu huku, na watoto wanakuulizia. Ukifika nitakupa maji ya kunawa na kigoda chako. Nitateremsha lile kopo, nitakuwekea sahani na kijiko, Lusajo atakaa pembeni yako. Ukila kijiko kimoja cha mchanganyiko huo mbele yake, ukameza, basi ushushe mzigo wako wote na mimi sitafungua tena mdomo. Ukishindwa, mzigo uende na lori linakokwenda, wewe ubaki. Sufuria nyingine itakuwa motoni, makaa chini na juu, na karanga nimezinusa moja moja kama ulivyonifundisha.

Kuna jambo moja tu ambalo siwezi kukufanyia. Tangu siku ile, mwanao hatii kitu mdomoni kabla hajaniuliza. Iwe ugali, iwe kiazi, hata maziwa ya ng'ombe wa jirani aliyoyaona yakikamuliwa. Anashika chakula mkononi, ananitazama, anasema, "Mama, hiki ni cha kula au cha kuuza?"

Namwambia kula, mwanangu. Anakula, lakini anatafuna polepole kama mtu anayesikiliza. Njoo umjibu mwenyewe.

Nakungoja mlangoni, kijiko mkononi,
mkeo, Mama Lusajo