Yule Bwana wa Ukutani

Likasi, Jumapili, baada ya misa

Papa,

Leo ni wiki ya saba. Nimezihesabu katika daftari langu la kila siku, lile ulilokuwa ukilicheka kwa sababu naandika hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Siku uliyokufa niliandika tarehe tu. Sikuweza zaidi.

Nataka kukueleza habari ya picha yako, ile uliyopewa na mwalimu wako wa shule ya Mulungwishi: msomi wa Ulaya wa zamani, aliyechongwa kwenye bamba la shaba kisha akachapwa kwenye karatasi. Mchwa walikula ukingo wa chini pamoja na jina lake. Ulinifundisha kuisoma kwa utaratibu: mikono kwanza, halafu vitu, uso mwisho. "Uso acha kwanza, utakuchanganya kichwa." Ulinisogeza hadi pua ikagusa kioo, nione kwamba giza lote pale ni mistari myembamba kama unywele, imekaribiana tu. Lile pazia zito nyuma yake, ukasema, mchoraji alilitia kumpa heshima tu. Huenda nyumba yake ilikuwa ndogo kama yetu.

Basi kwenye kilio, wamama wa kanisa waliitoa ukutani wakaiweka kando ya picha yako. Ile duara iliyochorwa nyuma ya kichwa chake waliiona kuwa mwanga wa watakatifu. Shangazi akapiga magoti: "Muangalie mutakatifu ya kaka yangu! Ndevu tu inaonyesha!" Wakasali rozari nzima mbele yake. Nilijua ni msomi tu, nikawaacha. Karibu nicheke, Papa, kisha nikalia hadi wakanitoa nje.

Tangu hapo Mama alimwomba yule bwana wa picha kila asubuhi akufungulie mlango wa mbinguni. Sala hiyo ndiyo iliyompa nguvu ya kula. Jumanne akaniuliza: "Weye ulisoma ile picha na papa yako. Ule mutakatifu, jina yake nani?"

Nikaweka chai chini. Nikimwambia, namnyang'anya mtakatifu wake. Nikimdanganya, nakusaliti wewe, uliyenikataza kutia katika picha kitu kisichokuwamo.

Nikaishusha ile picha, nikamketisha Mama karibu na dirisha, nikamwambia aanze na mikono.

Alitazama muda mrefu. "Kidole iko ndani ya kitabu," akasema. "Walimuita akiwa anasoma. Hakumaliza." Akanigeukia. "Ule ni mwalimu tu, sivyo?"

Nikasema ndiyo, Mama. Niliogopa kumtazama.

Akajipiga paja. "Yesu wangu! Wiki saba miye namuomba, kumbe naye iko na lazima ya kuombewa! Na hakuna muntu anamukumbuka!" Akacheka, Papa, mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Nikamshika mabega, tukabaki hivyo.

Sasa asubuhi anawaombea wawili. Wewe kwanza, halafu yule bwana, anayemwita "mwenzake". Mimi bado sijaweza kusali. Naketi tu kando yake na kusikiliza jina lako.

Kaa salama huko uliko, Papa. Naahidi Siku ya Marehemu Wote nitamleta Mama kaburini, hata mvua ikinyesha, na siku hiyo nitaitikia sala zake kwa sauti yangu. Ukimwona yule bwana, mwambie kuna nyumba moja Likasi inayomlilia pia.

Binti yako,
Georgine