Kocha, Nimemweka Wafula Benchi

Rafiki yangu Barasa,

Sijatulia tangu Jumapili, wala sina mwingine wa kumwambia. Ni mwezi wa nne sasa tangu ututoke. Vijana wako wa hapa Dubai, wale walinzi na wahudumu uliowaundia timu ya mpira wa kikapu ulipostaafu chuoni ukaja huku kusimamia walinzi, waliniletea firimbi yako nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Al Nahda. Nahodha wao, Kiprono, alisema, "Mwalimu, ulikuwa naye chuoni miaka yote ile. Shika wewe." Nikashika, mimi niliyefundisha lugha na kukutunzia orodha ya wachezaji tu.

Unakumbuka chuo chetu kilivyokuwa kidogo. Wanaume waliojua kukimbia hawakufika ishirini, kwa hiyo timu yako ya soka ndiyo iliyocheza pia mpira wa kikapu. Mtu alilinda goli asubuhi, alasiri yuko chini ya kikapu, magoti yana matope. Siku ile beki wetu alipouokoa mpira wa kikapu kwa kuupiga teke hadi jikoni, ulicheka mpaka ukakaa chini. Lakini sheria yako haikuwa na mzaha: aliyekosa mazoezi hachezi. Niliiandika ubaoni kwa mkono wangu, muhula baada ya muhula.

Ndiyo niliyoitumia hapa. Wafula, mlinzi wa zahanati moja Oud Metha, alikosa mazoezi mara mbili. Jumapili nikamweka benchi. Alieleza kwamba zamu yake ilibadilishwa. Nikamjibu kwamba sheria ni sheria. Akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka karibu na kiatu changu. "Khalas, Mwalimu, yameisha," akasema, akaenda zake. Tulishindwa, lakini si hilo linaloninyima raha. Wenzake watatu wanasema kwamba bila yeye nao hawaji tena. Timu uliyoiacha itanifia mikononi.

Jana Kiprono aliniambia kwamba huku uliibadilisha sheria. Aliyezuiwa na zamu ulimfuata. Ulipanda basi na mpira kwenye begi, ukamfanyisha mazoezi kwenye kambi ya wafanyakazi anakolala, katikati ya nguo zilizoanikwa. "Hapa mtu hana saa yake, Mwalimu. Kocha alijua." Kwa nini hukunieleza? Au ulinieleza, nami nikadhani umelegea? Uliwahi kusema kwamba ninaipenda sheria yako kuliko unavyoipenda wewe. Nilidhani unanisifu.

Leo nimekwenda Oud Metha, nikamngoja Wafula atoke zamu. Nimemwomba radhi, kisha nikautoa mpira. Tumepasiana kwenye maegesho nyuma ya zahanati, mimi na magoti haya. "Mwalimu, unarusha kama mtu anayemwaga maji machafu," akasema. Sikumkemea. Nilipomuuliza kuhusu Jumapili ijayo, alisema ataangalia zamu. Hakusema ndiyo.

Pumzika, ndugu yangu. Ninakuahidi jambo moja. Asipokuja Jumapili, Jumatatu nitakuwa pale pale nikimngoja. Na wakimhamishia kituo kingine, nitauliza ni basi gani linalokwenda huko.

Mwenzako,
Mwalimu Nyongesa