Moto wa Zizini

Alhamisi, 4 Januari 1996
Samadi ndoo mbili, maji ndoo mbili, koroga, mimina shimoni. Mikono inanuka hadi darasani. Wanafunzi wanajifanya hawasikii harufu. Fundi Elia aliyetujengea mtambo wa gesi anasema samadi ikioza wazi, gesi yake hupaa na kuzidisha joto duniani, na mkaa nao unamaliza misitu. Gesi ikinaswa shimoni, inapikiwa. Nimemwamini. Mkaa nimeuchoka.

Jumapili, 7 Januari
Mama mkwe amesema mbele ya wageni: "Chakula cha kinyesi cha ng'ombe mie sili. Najisi hiyo." Amehamishia jiko lake la mkaa barazani. Nimechukia. Lakini ndiye mama yake Hamisi, nitafanyaje?

Jumatano, 10 Januari
Aibu tupu. Majirani wamejaa kuona moto. Nimefungua koki, nikawasha njiti baada ya njiti. Hewa tu. Mama mkwe amecheka mpaka akashika mbavu. Eti gesi ya kwanza haiwaki, inaachiwa ipotee. Elia angesema mapema!

Hamisi naye ameamua: Ramadhani ikiingia mama yake bado hali chakula chetu, shimo linafukiwa. Hataki futari za majiko mawili nyumba moja.

Jumatatu, 15 Januari
Umewaka! Moto wa buluu, kimya, bila moshi. Nimelia. Nimechemsha chai ya watu wote. Kikombe cha mama mkwe kimepoa mezani.

Ijumaa, 19 Januari
Kunde za nazi. Mama mkwe hakula. Hamisi ameazima sepetu kwa jirani, ameiegemeza ukutani karibu na shimo. Sijamsemesha tangu mchana. Naogopa.

Jumapili, 21 Januari
Asubuhi nimemkuta mama mkwe jikoni peke yake. Nikajibanza mlangoni. Aligeuza sufuria yangu iliyotoka motoni, akaifuta kitako kwa leso nyeupe. Akaiinua leso kwenye mwanga. Akainusa. Nyeupe vilevile. Akaenda barazani kuchukua sufuria yake, akaifuta kwa leso ileile. Leso ikawa nyeusi tii.

Aliniona.

"Kumbe uchafu wote umebaki shimoni," alisema. "Na mie miaka yote hii nasugua masizi kwa mchanga mpaka kucha zimeisha. Haya mwanangu, nioneshe hiyo koki inafunguliwaje."

Nilimwonesha. Jioni mwezi umeandama.

Jumanne, 23 Januari
Futari amepika yeye. Mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Amenifukuza jikoni, eti moto naupandisha mno, naharibu gesi. Hamisi amekula mara mbili, kisha akarudisha sepetu bila kuambiwa.

Jiko la mkaa bado liko barazani. Kuku mwekundu ametaga kwenye majivu. Tumemwacha.