Mlio Safi Kutoka Kashaulili

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kashaulili, Mpanda, hatujambo, mjomba wako keshavuna mpunga. Umeuliza tulipimaje usafi wa mlio wa Morse, ile lugha ya nukta na vistari ya redioni, bila vipimo vyenu vya chuoni.

Kwa masikio na subira, mama! Kila babu yako alipobonyeza nukta, mtambo wake wa redio ulitoa mlio wa "tak!" ukawavuruga wenzake hewani. Rafiki yake wa Tabora akamtumia ujumbe: "Rekebisha au zima."

Nikakaa chumba cha pili na redio ndogo nikisikiliza, yeye akibadilisha kapasita, kile kidude cha kulainisha umeme mtamboni.

"Bado!"

"Nimechoka, mke wangu."

"Weka nyingine!"

Ghafla nukta zikaanza laini, zikaisha laini. "Hapo hapo! Usiguse!"

Tabora ikajibu: "Safi sana! Fundi nani?"

Babu yako akabonyeza taratibu, nami nikasikia jina langu likiruka hewani, herufi kwa herufi: VERONIKA. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Bibi yako akupendaye