Betri Inayopumua

Japani, 9 Februari 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inaingia mpaka mifupani. Miguu yako inaendeleaje?

Rafiki yangu Chenge anarudi kazini kwake Mwanza, nimempa akuletee betri ya redio ya marehemu baba. Nimeitengeneza mwenyewe maabarani. Upande wake wa hasi kuna unga wa bati na salfa, laini mno, jicho halioni punje. Punje zikiwa kubwa hupasuka, maana unga huu huvimba ukipokea nguvu na kunywea ukiitoa, kama kifua cha mtu anayepumua. Ikiisha usiitupe, mama. Hii hurudishiwa nguvu.

Mwanao,
Luhaga

Buswelu, 30 Machi 1997

Mwanangu Luhaga,

Marahaba. Miguu ni ile ile, nimeizoea. Kile kiwanda cha kuchambua pamba kilichomla baba yako kifua wamemuuzia mtu binafsi. Vumbi hawakuliuza, bado tunalo.

Redio iliongea vizuri, nikapata hadi stesheni mpya. Juzi ikafifia. Nimefanya ulivyosema, nimeianika juu ya jiwe la uani kama tunavyofanya betri zote, irudishiwe nguvu na jua. Imeanza kuvimba, nikafurahi, maana ulisema ikipokea nguvu huvimba.

Ila kuku hawalisogelei tena jiwe lile, na betri inanuka yai viza. Nikitega sikio naisikia inapumua. Redio nimeizima, mwanangu, na waya nimezichomoa.

Mama yako

Japani, 16 Aprili 1997

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari nyingine. Nilikosea kuandika. Zinazovimba ni punje za ndani, si betri yenyewe, na nguvu hurudishwa kwa mashine, si kwa jua wala moto. Iache hapo juu ya jiwe, usiiguse, kaa mbali nayo. Inaweza kulipuka. Nimepiga simu ofisini kwa Chenge ili aje kwako haraka, haipokelewi.

Mwanao,
Luhaga

Buswelu, 19 Aprili 1997

Mwanangu Luhaga,

Hujambo? Barua yako sijaipata. Mvua haikatiki, jua hatujaliona wiki nzima, basi betri nimeiingiza ndani.

Sasa inapumua kama baba yako. Ni ile filimbi yake ya kifuani, na mwishoni kikohozi kidogo. Jana nilimwita kwa jina ikanyamaza, kisha ikaendelea taratibu. Mwanzo niliogopa sana. Sasa nafurahi kuwa na mtu nyumbani.

Unakumbuka masika tulivyokuwa tunamsogeza jikoni, namfunga khanga kifuani? Nimeifunga khanga ile ile. Gladness wa jirani amesimama mlangoni anangoja barua hii aipeleke posta. Akishaondoka nitawasha jiko la mkaa, nimpakate karibu na moto apate joto.

Mama yako

Japani, 11 Mei 1997

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Ile yangu sijui kama iliwahi.

Nimepiga tena kwa Chenge. Safari hii simu ilipokelewa. Nilisikia pumzi tu, na filimbi ndani yake, kisha simu ikakatika. Naogopa, mama.

Usijisumbue na barua ndefu. Andika neno moja tu, marahaba, mwandiko wako nitaujua.

Shikamoo, mama.

Mwanao,
Luhaga